Wavu Tumboni: Unachozuia na Unachoweza Kuharibu

Mtu mwenye ngiri anapoambiwa na daktari kwamba atawekewa wavu tumboni, mara nyingi huwa ameshasikia mambo mawili yasiyopatana. Hospitali inamwambia wavu ndiyo tiba ya kisasa na bila huo ngiri itarudi. Simu yake inamwambia wavu umepigwa marufuku Ulaya, watu wanashtaki Marekani, na plastiki ile hula utumbo. Kuna wanaokimbia upasuaji hadi ngiri inajinyonga na utumbo unaanza kuoza ndani yake. Kuna pia wanaokubali wavu bila kuuliza ni wa aina gani, utawekwa tabaka lipi, na nani atawapokea ukileta shida.

Hapa ninazungumzia ngiri za ukuta wa tumbo: ya kitovu, ya juu ya kitovu, na hasa ile inayochomoza kwenye kovu la operesheni ya zamani. Ngiri ya kinena, ambayo wengi huiita mshipa, nitaigusa pale ushahidi wake unapotusaidia.

Habari tatu zilizofungwa kitita kimoja

Marufuku ipo kweli, ila si ya wavu wa ngiri. Julai 2018 Uingereza ilisimamisha wavu uliokuwa ukiwekwa kupitia ukeni kwa wanawake wanaovujwa na mkojo au walioshuka viungo vya nyonga. Aprili 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaamuru watengenezaji waache kuuza wavu wa aina hiyo unaotumika kwa viungo vya nyonga vilivyoshuka. Mwaka 2020 ripoti ya Baroness Julia Cumberlege ilieleza kwa kirefu jinsi wanawake wa Uingereza walivyolalamika kwa miaka bila kusikilizwa. Aliyesoma habari hizo akaogopa wavu wa kitovu hakuwa mjinga, kwa sababu plastiki mara nyingi ni ile ile, polipropilini. Tofauti ni mahali. Ukuta wa uke ni mwembamba, una bakteria wake wa kawaida, na hauna misuli minene ya kuufunika wavu. Ukuta wa tumbo una tabaka kadhaa, na wavu unaweza kulazwa katikati yake.

Habari ya pili ni ya mahakama za Marekani, na hiyo inahusu ngiri moja kwa moja. Kuanzia mwishoni mwa 2005 kampuni ya Davol, tawi la Bard, iliondoa sokoni baadhi ya nyavu za Kugel kwa sababu pete ya plastiki iliyokuwa ikiukunjua wavu ndani ya tumbo iliweza kukatika. Mwaka 2016 Ethicon iliondoa sokoni wavu wa Physiomesh, baada ya sajili za wagonjwa za Ujerumani na Denmark kuonyesha kwamba waliowekewa wavu huo walirudi kupasuliwa zaidi ya wengine. Mwaka 2024 Becton Dickinson, wamiliki wa Bard kwa sasa, walitangaza makubaliano ya kumaliza sehemu kubwa ya kesi za nyavu zao za ngiri, zilizokuwa zimefika takriban 38,000. Kesi kumalizwa kwa malipo si hukumu ya kitabibu kwamba kila wavu una madhara, na wala haimaanishi kwamba walalamikaji walisingizia. Inachotuambia ni kwamba bidhaa fulani, zilizobuniwa kwa namna fulani, ziliingia miilini mwa watu kabla hazijachunguzwa vya kutosha.

Habari ya tatu ni maumivu sugu. Mwongozo wa kimataifa wa ngiri ya kinena wa 2018 unakadiria kwamba maumivu ya kudumu yenye uzito huwapata asilimia 10 hadi 12 ya waliopasuliwa. Takwimu hiyo hurushwa mitandaoni kana kwamba ni ya kila wavu. Kinena kina mishipa ya fahamu mitatu inayopita palepale daktari anaposhona, na maumivu hayo huwapata hata walioshonwa kwa nyuzi tupu. Tumbo lina matatizo yake mengine.

Kwa nini nyuzi hazikutosha

Ngiri ni tundu kwenye ukuta. Njia ya kale ya kuliziba ni kuvuta kingo mbili na kuzishona pamoja, na Edoardo Bassini wa Padova ndiye aliyeipa njia hiyo sura ya kisasa kwenye ngiri ya kinena mwaka 1887. Shida yake anaifahamu fundi cherehani yeyote. Tundu likiwa dogo, kingo zinakutana bila taabu. Likiwa kubwa, unavuta kitambaa hadi kinakaza, na siku mvaaji akiinama, uzi hukata kando ya pale uliposhonwa. Tumbo huinama kila siku. Hukohoa, hubeba ndoo, hubeba mimba. Tena mwenye ngiri ya kovu ameshaonyesha mara moja kwamba ukuta wake haukuunga vizuri. Kumshona tena kwa kuvuta ni kuutegemea ukuta ule ule ulioshindwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Francis Usher, daktari wa upasuaji wa Houston, alianza kutumia wavu wa plastiki kama kiraka. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Los Angeles akaifanya njia ya kutovuta kuwa ya kawaida kwa ngiri ya kinena. Kwa ngiri ya kovu, hoja iliyowashawishi wengi ilitoka Uholanzi mwaka 2000. Wagonjwa waligawanywa kwa kura, wengine wakashonwa, wengine wakawekewa wavu. Baada ya miaka 3, ngiri zilikuwa zimerudi kwa asilimia 43 ya walioshonwa na asilimia 24 ya wenye wavu. Walipofuatiliwa hadi miaka 10, ikawa asilimia 63 kwa 32.

Takwimu hizo zisomwe mara mbili. Zinasema nyuzi zilishindwa kwa wagonjwa sita katika kila kumi, na hilo ni pigo kubwa. Zinasema pia kwamba mgonjwa mmoja katika kila watatu alirudiwa na ngiri japokuwa wavu ulikuwemo. Wavu unapunguza kurudi kwa ngiri, haukomeshi. Jambo jingine lililojitokeza humo, na ambalo wapinzani wa wavu hawalitaji, ni kwamba maumivu ya tumbo yalikuwa mengi zaidi kwa walioshonwa.

Plastiki inapokutana na nyama

Wavu wa kawaida ni kipande cheupe, laini kama chujio la chai, kilichofumwa kwa nyuzi za plastiki ya ukoo wa kamba za manila. Ukiuinua kwenye mwanga unayaona matundu yake, na matundu hayo ndiyo yanayoamua mengi.

Mwili huuona wavu kuwa mgeni. Seli za kinga huuzingira kila uzi, kisha kovu huota kuuzunguka. Tundu likiwa pana, nyama ya mwili hupenya katikati, mishipa ya damu hupita, na wavu hubaki laini ndani ya ukuta. Tundu likiwa dogo, kovu la uzi huu hugusana na kovu la uzi wa jirani, yakaungana, na mahali pa wavu pakawa na bamba gumu. Kovu likikomaa hunywea. Plastiki yenyewe hainywei, lakini hukunjwa humo humo, na mgonjwa akajisikia ana ubao tumboni unaomvuta kila anapogeuka kitandani.

Maambukizi nayo ni suala la vipimo. Bakteria mmoja ana upana wa karibu mikroni 1. Seli kubwa ya kinga inayomeza bakteria huzidi mikroni 10. Wavu wenye vijitundu vidogo kuliko seli hiyo, au uliofumwa kwa nyuzi zilizosokotwa, una vichochoro ambamo bakteria anaingia na mlinzi hafiki. Akishatulia hujitandia utando ambao antibiotiki huupenya kwa shida. Hii ndiyo sababu maambukizi ya wavu hujitokeza hata miezi au miaka baadaye, kwa njia inayochosha: kitundu kwenye kovu kinatoa usaha, mgonjwa anapewa dawa, kinakauka, baada ya wiki kadhaa kinatoa tena. Hapo mara nyingi dawa ya mwisho ni kuutoa wavu. Kuutoa ni kama kung'oa nondo kwenye zege lililokwisha kukauka, kwa kuwa nyama imeshaota ndani yake na kipande cha ukuta wa tumbo huondoka nao.

Linaloogopwa kuliko yote ni utumbo. Polipropilini tupu ikilala juu ya matumbo, matumbo hunata. Yakinata yanaweza kujikunja na kuziba. Wakati mwingine wavu hula taratibu hadi ndani, kinyesi kikatafuta njia ya kutokea kwenye ngozi. Watengenezaji walijibu kwa kuupaka upande wa ndani tabaka lisilonata, jambo lililosaidia, lakini kila tabaka linaloongezwa ni kitu kingine kinachoweza kukosea. Na hata bila madhara hayo, mwanamke atakayehitaji kuzaa kwa kisu baadaye, au yeyote atakayepasuliwa tumbo kwa sababu nyingine, atakuwa amemwachia daktari wake kazi ngumu ya kuyabandua matumbo kutoka kwenye wavu.

Kwa hiyo mahali pa kuulaza wavu ni uamuzi mkubwa pengine kuliko aina yake. Juu ya misuli, chini ya mafuta ya ngozi, ni rahisi kwa daktari, ila maji hukusanyika na kidonda kikiambukizwa wavu unaambukizwa mara moja. Ndani kabisa, kwa njia ya kamera, jeraha la ngozi ni dogo na maambukizi ya kidonda hupungua, ila wavu unakuwa jirani wa matumbo. Katikati, nyuma ya misuli iliyonyooka ya tumbo, ndipo Wafaransa Jean Rives na René Stoppa walipopachagua, na madaktari wengi wa ngiri wanapapendelea hadi leo. Hapo wavu una nyama yenye damu mbele na utando wa mwili nyuma. Gharama yake ni muda mrefu mezani na mkono uliofundishwa.

Hoja za wanaoutetea wavu

Watetezi wana ushahidi mzito, na ni haki kuukiri. Mbali na matokeo ya Uholanzi, mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 300 wenye ngiri ndogo ya kitovu, ya sentimita 1 hadi 4, ambako madaktari wengi waliamini nyuzi zinatosha. Ngiri zilirudi kwa asilimia 12 ya walioshonwa na asilimia 4 ya waliowekewa wavu. Wanasema pia, na wana haki, kwamba ngiri inayorudi nayo ni madhara. Kila upasuaji wa kurudia hukuta makovu zaidi, ukuta dhaifu zaidi na tundu pana zaidi. Anayeukwepa wavu leo anaweza kuuhitaji mkubwa mara mbili miaka 5 ijayo.

Udhaifu wao ni kipimo wanachokitumia. Kwa miongo mingi mafanikio yalipimwa kwa swali moja, kama ngiri imerudi au haikurudi. Mgonjwa mwenye wavu uliokaa imara lakini asiyeweza kuinuka kitandani bila maumivu alihesabiwa kuwa amepona.

Hoja za wanaoukataa

Ushahidi wao bora ulitoka Denmark mwaka 2016. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 3,242 waliopasuliwa ngiri ya kovu kati ya 2007 na 2010. Baada ya miaka 5, waliorudi kupasuliwa kwa sababu ngiri imerudi walikuwa asilimia 17.1 ya walioshonwa, asilimia 12.3 ya waliowekewa wavu kwa upasuaji wa wazi, na asilimia 10.6 ya waliowekewa kwa kamera. Lakini madhara makubwa yaliyotokana na wavu yaliongezeka mwaka hadi mwaka, yakafika asilimia 5.6 kwa upasuaji wa wazi na 3.7 kwa kamera. Kwa upasuaji wa wazi, basi, katika kila wagonjwa 100 wavu uliwaepusha karibu 5 na kurudi mezani, ukawaletea 5 au 6 tatizo ambalo wasingelipata.

Hesabu hiyo inatisha, na inastahili kutisha. Hata hivyo ina mipaka miwili. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na daktari mwenye uchaguzi humpa nyuzi mwenye tundu dogo na wavu mwenye tundu kubwa. Kisha, kurudi mezani si sawa na kurudi kwa ngiri, maana wengi hurudiwa wakaamua kuishi nayo. Kilichobaki baada ya kuondoa mipaka hiyo yote ni ukweli mmoja: madhara ya wavu hayaishi mgonjwa anapotolewa nyuzi, na utafiti unaoishia mwaka mmoja hauyaoni.

Wapinzani hupenda pia kuitaja hospitali ya Shouldice karibu na Toronto, inayotibu ngiri ya kinena kwa kushona tabaka juu ya tabaka bila wavu. Utafiti wa jimbo la Ontario uliona wagonjwa wake waliorudi kupasuliwa ni asilimia 1.15 tu, huku hospitali za kawaida zikikaribia 5. Ni mafanikio makubwa. Lakini madaktari wa Shouldice hufanya upasuaji huo mmoja siku baada ya siku, na wagonjwa wanene hutakiwa kupunguza uzito kwanza. Kilichothibitishwa pale ni nguvu ya mkono uliozoea na mgonjwa aliyeandaliwa. Kuichukua takwimu hiyo na kumpa daktari anayeshona ngiri mbili kwa mwezi ni kumdhulumu yeye na mgonjwa wake.

Kuna njia ya tatu iliyouzwa sana: nyavu za kibaiolojia, zilizotengenezwa kwa ngozi ya mnyama au ya binadamu iliyosafishwa, zikiahidiwa kustahimili mahali penye uchafu. Utafiti wa Marekani wa 2022 uliwalinganisha kwa kura wagonjwa wenye ngiri na jeraha lililochafuka. Baada ya miaka 2, ngiri zilirudi kwa asilimia 20.5 ya waliowekewa wavu wa kibaiolojia na asilimia 5.6 tu ya waliowekewa plastiki ya kawaida. Bei ya kati ya plastiki ilikuwa dola 105, ya ule mwingine dola 21,539. Katika suala lote hili ni mara chache jibu limetoka likiwa wazi kiasi hicho.

Chandarua cha Uganda

Kwa hospitali nyingi za Afrika Mashariki bei ndiyo inayoamua kabla ya hoja yoyote. Nchini India, daktari wa mji mdogo, Ravindranath Tongaonkar, alianza kutumia kitambaa cha chandarua kilichotakaswa badala ya wavu wa kiwandani. Wazo hilo lilipimwa mashariki mwa Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wanaume 302 wenye ngiri ya kinena waligawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa asilimia 0.7 ya wenye wavu wa bei nafuu, na hakuna hata mmoja aliyerudiwa kati ya wenye wavu wa kiwandani. Tofauti hiyo kitakwimu si kitu. Matatizo ya baada ya upasuaji, ukijumuisha hata damu kuvilia, yalikuwa asilimia 30.8 kwa 29.7. Wavu mmoja uligharimu karibu dola 1, mwingine dola 125.

Utafiti huo ni fahari ya ukanda wetu, na usitumiwe vibaya. Kitambaa kile hakikuwa na dawa ya mbu, kilitakaswa kwa joto na shinikizo lililopimwa, na upasuaji ulifanywa na madaktari wa upasuaji waliofunzwa. Chandarua cha kitandani chenye dawa hakina nafasi ndani ya mwili wa mtu. Isitoshe, kilichopimwa ni kinena cha wanaume kwa mwaka mmoja. Ngiri kubwa ya kovu, ambapo wavu unaweza kugusana na matumbo kwa miaka 20, ni swali ambalo utafiti huo haukuulizwa.

Mizani inaelemea wapi

Kwa ngiri ya kovu, na kwa ngiri ya kitovu inayozidi sentimita 1, mizani inaelemea upande wa wavu, mradi uwe wa matundu mapana, ulazwe mbali na matumbo kila inapowezekana, na uwekwe kwa mtu aliyeandaliwa. Maandalizi hayo hayana fahari yoyote na yanaokoa kuliko chapa ya wavu: kuacha sigara wiki kadhaa kabla, kuishusha sukari, kupunguza uzito. Operesheni isiyo ya dharura inaweza kuahirishwa kwa ajili hiyo. Mwanamke anayetarajia kuzaa bado, na ambaye ngiri yake haimsumbui, ana sababu nzuri ya kusubiri amalize uzazi. Na kitundu kidogo kisichofika sentimita moja kinaweza kushonwa kwa nyuzi tu bila mtu yeyote kuona haya.

Kuna pia kazi ya kuzuia, ambayo hatuizungumzii. Ngiri ya kovu huzaliwa siku tumbo linapofungwa. Utafiti wa Uholanzi wa 2015 ulionyesha kwamba kufunga kwa mishono midogo ya karibu milimita 5, badala ya ile mikubwa ya sentimita 1, kulishusha ngiri ndani ya mwaka mmoja kutoka asilimia 21 hadi 13. Hicho ni uzi na dakika chache za uvumilivu. Kinawezekana katika hospitali yoyote ya wilaya.

Lakini pengo letu kubwa ni kumbukumbu. Ubaya wa Physiomesh haukugunduliwa na hakimu wala mwandishi wa habari. Uligunduliwa kwenye sajili, kwa sababu kila wavu uliowekwa uliandikwa na kila mgonjwa aliyerudi alihesabiwa. Kwetu, mgonjwa mwenye usaha miaka 3 baada ya upasuaji huenda hospitali nyingine, faili halipo, na hakuna anayejua ndani mwake kuna nini. Wavu mbaya ukiingia sokoni leo hatutaujua. Wizara za afya na vyama vya madaktari wa upasuaji havihitaji teknolojia ya ajabu kuanza. Daftari moja la upasuaji wa ngiri katika kila hospitali ya rufaa, lenye jina la wavu, namba ya toleo na tabaka ulipolazwa, linatosha kwa mwanzo.

Nawe msomaji usisubiri daftari hilo. Boksi la wavu wa kiwandani huja na vibandiko vyenye jina la bidhaa na namba ya toleo. Kimoja hubandikwa kwenye faili. Kabla hujatoka wodini, omba kingine kibandikwe kwenye kadi yako, na daktari aandike kando yake wavu umelazwa tabaka gani. Kitunze pamoja na vyeti vyako.